Sauti ya Kukodi

Songea ilimfahamu Urbani kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura. Maji yakikatika Msamala, yeye ndiye aliyetangaza. Mtoto akipotea sokoni, yeye. Mbolea ya ruzuku ikifika, chanjo ya kuku ikianza, mzee fulani akifariki na mazishi yakapangwa baada ya misa, ilikuwa sauti ile ile nzito, isiyo na haraka, iliyopita mitaani juu ya pikapu ya Kajetani yenye vipaza sauti viwili. Watu walikuwa na usemi wao: kama Urbani hajasema, bado ni umbea. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, na wateja waliomwona kwa mara ya kwanza walikuwa wanatazama nyuma yake wakimtafuta mwenye sauti.

Mwaka wa kura ya maoni sauti hiyo ilichoka, na mwenyewe akachoka zaidi. Swali lilikuwa moja tu, limebandikwa kila ukuta: nchi iingie kwenye shirikisho na majirani zake, iwe na rais mmoja nao na jeshi moja nao, au ibaki kama ilivyo? Ndiyo au Hapana. Ungedhani swali fupi namna hiyo lingejibiwa kwa maneno machache. Wapi! Yalimwagika maneno mpaka watu wakawa wanazima redio ili wale ugali kwa amani. Wa Hapana walisema mamlaka ya nchi ndiyo roho yake, na roho haigawanywi. Wa Ndiyo walisema mamlaka ya maskini mmoja ni jina tu, maskini wakiungana ndipo wanaheshimiwa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, usidanganyike, na mwanzoni zilijengwa vizuri hata mtu ukatamani kusikiliza.

Urbani aliongoza midahalo kadhaa ukumbini, viti vya plastiki vile vile, chupa za maji zile zile mbele ya wakubwa. Katika mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo alisimama akauliza kwa upole kabisa: nchi zikiungana, nani atapanga madaraja ya ubora wa tumbaku yake, mtu wa hapa au mtu wa huko? Wazungumzaji wakatazamana. Mmoja alisema swali ni zuri sana, kisha akaeleza habari za bendera. Wa pili alisema ataligusa mbele, asiliguse. Yule mkulima akavaa kofia yake, na kabla soda hazijagawiwa alikuwa ameshaondoka. Urbani alimwonea wivu, maana yeye alipaswa kubaki mpaka mwisho.

Kuhusu upande wake mwenyewe, hakuwa nao. Alilisema hilo kila alipoulizwa, na ni kweli, ingawa ulikuwa ukweli wa mtu aliyechoka kufikiri. Sauti yake alikuwa anaikodisha, kama Kajetani anavyokodisha gari. Anayebeba saruji leo na kesho akabeba jeneza, nani atamuuliza anapenda kipi? Hivyo akawasomea Hapana, akawasomea na Ndiyo, tena katika chumba kimoja, nyuma ya duka la madaftari pale Msamala, ambako kuta zilitundikwa mablanketi ili kelele za pikipiki zisiingie kwenye kinasa sauti. Na pikapu ikawa moja vilevile. Kajetani alikuwa na bendera za pande zote mbili chini ya kiti, akibadilisha kama mtu anayebadili shati.

Mratibu wa Hapana alikuwa Muhsini, kijana wa Tunduru, mtoto wa wakulima wa korosho aliyesomea sheria. Mratibu wa Ndiyo alikuwa Lidwina, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwa wakimpinga. Wakikutana mlangoni mwa chumba kile walisalimiana vizuri, Muhsini akiinama kidogo, "Shikamoo mwalimu," naye akiitikia na kumuuliza hali ya mama yake. Jioni jukwaani walikuwa wanachanana. Urbani aliwapenda wote wawili, na hilo nalo lilimchosha.

Karatasi za kwanza za Muhsini zilikuwa karatasi za mtu aliyefikiri. Zilieleza nani atatunga sheria, nani atazifuta, raia akionewa ataenda kulia mahakama ipi. Urbani alizisoma kwa raha. Lakini wiki zilivyosogea, Muhsini alikuja na karatasi moja nyepesi, akaketi, akajifuta uso kwa viganja.

"Kaka Urbani, mambo ya mamlaka hayashiki," alisema. "Nimeeleza mpaka koo limekauka. Watu wa huku hawaogopi kifungu cha sheria. Wanaogopa mto."

Urbani hakuhitaji kuuliza mto upi; ni ule wa mpakani. Alisoma ile karatasi kimya kimya. Ilisema: siku jeshi letu litakapokuwa si letu tena, nani atalinda mto? Adui akivuka, utamwita nani? Wenye kumbukumbu wanajua. Piga kura ya Hapana.

Alimwambia Muhsini kwamba hakuna mtu aliyeko ng'ambo anayetaka kuvuka, isipokuwa wachuuzi wa samaki. Muhsini akacheka, akamtania kwamba Mngoni mla panya anaogopa nini, akasema hayo ni maneno ya kampeni tu, kila mtu anajua ni kampeni. Kisha akaacha kucheka, akasema hata yeye hayapendi, ila kura ikipotea kwa kuwa waungwana, nchi haitarudishwa kwa kuwa waungwana. Urbani hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyesomea kubishana. Akasogeza kinasa sauti.

Haikupita wiki, Lidwina akaja na karatasi yake. Ilisema: tukibaki peke yetu, siku adui atakapovuka mto, nani atakuja kutusaidia? Wenye kumbukumbu wanajua. Piga kura ya Ndiyo. Urbani alimtazama mwalimu wake wa zamani usoni. Lidwina alisema wao ndio walioanza, na yeye hawezi kwenda kwenye ugomvi wa mapanga akiwa na fimbo. Alionekana kama mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

Urbani akasoma na hiyo. Alisoma vizuri, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Hakusoma kivivu. Penye "wenye kumbukumbu wanajua" alishusha sauti mpaka ile ya misiba, ile ambayo akiitoa wanawake sokoni huacha kupanga nyanya wakasikiliza nani kafa. Aliwaza kidogo habari za mtu mmoja mwenye kumbukumbu, mama yake aliyekuwa kijijini Mpitimbi. Kisha akawaza kwamba gari litazunguka mjini tu. Hakuuliza.

Simu ya Beata ilikuja asubuhi moja ya Julai, ukungu umelala barabarani na Songea yote imejifunika mablanketi.

"Kaka, mama hayupo," dada yake alisema. "Tangu juzi. Nilidhani yuko kwa jirani Ekaristia, na kwa Ekaristia nako hakuna mtu."

Kajetani alimpeleka bila kuulizwa nauli. Njiani Urbani hakuweza kukaa sawa kwenye kiti. Mama yake, Walburga, alikuwa na kifua kibovu, kile kinachoanza kupiga filimbi baridi ikiingia, na daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba bibi huyu asilale penye ubaridi, maana safari nyingine hatapona. Urbani alikuwa anawaza hilo tu. Hakuwa amewaza sababu ya mama kuondoka, mpaka walipokaribia kijiji na Kajetani akapunguza mwendo, akakohoa, akasema kuna jambo.

Alisema alipita huku na gari, mara mbili. Mara ya kwanza na bendera za Hapana, na baada ya siku chache na za Ndiyo. Na kwa Mama Walburga aliongeza sauti makusudi, akasimama kidogo kabisa, kwa sababu alijua bibi atafurahi kumsikia mwanawe.

"Alikuwa anapukuchua mahindi," Kajetani alisema. "Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Nilimpungia mkono, hakunipungia. Nikajua hajaniona."

Mchuma janga hula na wa kwao, na Urbani alikuwa ameshaona sahani inakuja.

Nyumba ya Walburga ilikuwa imefungwa kwa kamba mlangoni. Jiko limepoa, majivu yamezolewa yote hata usijue lini moto uliwaka. Kihenge kitupu. Kuku hakuna hata mmoja, na jogoo ambaye Beata alikuwa akimtukana kila alfajiri amebakiza manyoya nyuma ya nyumba. Beata alikuwa amesimama katikati ya uwanja ameshika kichwa. Alieleza kwamba mama alimjia baada ya gari la pili, ametulia kabisa, akamwambia wajiandae. Alisema wale watu wanagombana juu ya kila kitu, juu ya bendera, juu ya rais, juu ya fedha, ila juu ya mto wamekubaliana: adui atavuka. Watu wawili wanaogombana wakikubaliana jambo moja, jambo hilo lipo. Halafu akasema, na Urbani naye amesema.

"Mimi nilicheka, kaka," Beata alisema. "Nikamwambia mama, hayo ni mambo ya kura."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Walburga aliumwa akiwa msichana mdogo. Alizaliwa ng'ambo ya mto, na vita vya Wareno vikamkuta huko. Ndege zilipoanza kuchoma vijiji, mama yake alimshika mkono, akambeba mdogo wake mgongoni, wakaishi porini kabla ya kuvuka kuja upande huu. Mdogo wake hakufika. Urbani na Beata walikua wakisikia masharti ya pori lile kama watoto wengine wanavyosikia hadithi. Moto hauwashwi jua likiwa juu, moshi unaonekana. Jogoo anatangulia kuchinjwa, kabla hajakutangaza. Chakula hakiwekwi shimo moja. Ukikohoa, kohoa ndani ya nguo. Na sharti la mwisho, ambalo Urbani alilikumbuka sasa akiwa amesimama kwenye uwanja wa mama yake: ukishakimbia, usirudi kwa sababu mtu kakuambia rudi. Wareno walikuwa wanamshika mwanakijiji, wanamsimamishia bunduki mgongoni, wanamtuma porini awaite ndugu zake kwa majina. Wengi walitoka kwa kuitwa na watu wanaowapenda. Kwa hiyo walijiwekea kanuni. Kulikuwa na mpiga pembe wa kijiji. Pembe yake ikilia, watu wanakimbia, na pembe hiyo hiyo isipolia tena, hatoki mtu.

Urbani alishuka bondeni peke yake kumtafuta. Alipita kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa, akavuka kijito, akaingia kwenye miombo. Hakukuwa na moshi wala njia. Aliona udongo mbichi uliofunikwa majani makavu kwa ustadi, mahali pamoja, halafu mahali pengine, akajua ni mahindi ya mama. Aliita polepole. Aliita tena. Kisha sauti ikamjia kutoka nyuma yake, karibu sana, akashtuka.

"Usisogee," ilisema kwa Kingoni. "Uko peke yako?"

Walburga alikuwa ameketi chini ya mwamba, kwenye majani, amejizungushia blanketi na vitenge vyote alivyokuwa navyo. Midomo imekauka, miguu ina vumbi jeupe la baridi. Urbani alitaka kukimbia amkumbatie, akakumbuka adabu, akainama.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama nyuma ya mwanawe, kati ya miti, upande huu na upande ule, akimtafuta mtu mwenye bunduki.

"Wamekushika?" aliuliza.

"Hakuna aliyenishika, mama. Hakuna mtu. Twende nyumbani."

"Aliyeshikwa hasemi ameshikwa."

Urbani akachuchumaa. Alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake yalivyo mepesi. Alieleza habari za shirikisho, za karatasi, za Muhsini na Lidwina, kwamba ni namna ya watu wa kura kuongea na hakuna anayeichukulia hivyo. Walburga alimsikiliza huku kikohozi kinamjia, na kila kikimjia alijaza kitenge mdomoni na kukohoa ndani yake, mabega yakiruka, bila mlio. Urbani alikuwa hajawahi kuona mtu anakohoa hivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kwenye gari ni wewe uliyesema? Si mtu aliyekuigiza?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa sauti ile ya kutangaza wafu."

"Ndiyo, mama."

"Basi siwezi kutoka kwa kunong'onezwa huku," alisema mama yake, bila hasira yoyote. "Ulinikimbiza kwa pembe. Kama hakuna kitu, niite kwa pembe. Nenda."

Alipanda mlima hadi barabarani, pumzi zikimkata, akamweleza Kajetani. Kajetani alikuwa mtu mwema, na watu wema wana majibu ya haraka. Alimshauri aseme tu kwamba adui alikuja akafukuzwa, mto sasa ni shwari, watu warudi. Maneno machache, bibi anatoka, anapelekwa kupata dawa, na mchana wako mjini. Kwa nini ajivue nguo mbele ya kijiji kizima?

Urbani aliliwaza hilo, na tusifiche, alilitamani. Lilikuwa jambo jepesi. Mama angetoka, angemshukuru, angewaambia wenzake kwamba mwanangu alituonya na mwanangu akatuita. Lakini adui aliyekuja akafukuzwa ni adui anayeweza kurudi. Kila gari la matangazo lingepita na mama angesimama kusikiliza, na kila Julai angetazama njia ya kijito. Na kusema kweli alikuwa amechoka. Hakuwa na nguvu ya kusoma uongo mwingine, hata ule mzuri.

Alimwambia Kajetani ageuze gari, vipaza sauti vielekee bondeni, na ang'oe bendera. Akashika maikrofoni.

"Ndugu wananchi, kuna tangazo," alianza, kama alivyoanza siku zote. "Mimi ni Urbani, mtoto wa Walburga. Mmesikia kwa sauti yangu, kwenye gari hili, kwamba adui atavuka mto. Sikumwona adui. Sikusikia habari zake kwa mtu aliyemwona. Nilipewa karatasi na upande huu nikasoma, nikapewa karatasi na upande ule nikasoma, nikalipwa na wote. Mto ni salama. Hakuna vita. Mlioko porini, rudini nyumbani, kuna baridi. Nawaomba radhi. Kura pigeni mnavyotaka wenyewe."

Akarudia tangazo lote, kwa sababu matangazo ya misiba hurudiwa. Watu walikuwa wametoka kwenye nyumba zao, wengine wameshika simu juu wakichukua picha. Wakasimama wote wakitazama bonde.

Walburga alitoka wa kwanza, akipanda polepole na kuku wawili waliofungwa midomo kwa nyuzi. Beata alikimbia kumpokea. Nyuma yake alitoka Ekaristia, jirani yake, akiwa na chumvi na jembe ndani ya beseni. Kisha kwenye miti upande wa kushoto, mbali kabisa na alikokuwa Urbani, akatoka mzee Chande, Myao aliyevuka mto na mama yake mwaka mmoja na Walburga, amefunga redio yake ndani ya nailoni. Kisha mzee mmoja na mkewe. Kisha bibi ambaye wajukuu zake walidhani yuko hospitali mjini. Urbani alikuwa amekuja kumtafuta mmoja. Walikuwa wanatoka wazee mmoja mmoja, kila mtu na shimo lake, kila mtu na njia yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Mzee Chande alipofika kwenye gari alisimama ili apumue. Kifua chake kilikuwa kinapiga kelele kuliko cha Walburga.

"Shikamoo, mzee," Urbani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, si vita," Chande alisema, akaendelea na njia yake.

Beata aliwasha moto mkubwa, moshi ukapanda wazi kabisa juu ya paa. Walburga aliketi karibu nao, akanywa uji, akameza dawa alizoletewa, na rangi ikaanza kumrudia. Wanawe walifurahi. Urbani alirudi bondeni na jembe, akafukua mahindi mpaka mikono ikatoka malengelenge, akayarudisha kwenye kihenge gunia kwa gunia. Alidhani atakaripiwa, na alikuwa amejiandaa kwa hilo, angeona nafuu. Mama yake alimtazama akiingia na kutoka. Aliuliza jambo moja tu, wakati anaaga.

"Kwa hiyo uliweza kusema vile, na hukuona kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," alisema. "Nenda salama."

Picha za simu zilifika Songea kabla yake. Muhsini alipiga akasema kwa huzuni kwamba hawataendelea naye, maana amewafanya waonekane waongo. Baadaye akapiga Lidwina, akasema maneno yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule. Ikawa mara ya pili pande zile mbili kukubaliana jambo. Kura ikapigwa, upande mmoja ukashangilia, upande mwingine ukasema kumekuwa na hila. Mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, nadhani, hajajibiwa mpaka leo. Mto ukaendelea kupita chini kule, na wachuuzi wa samaki wakaendelea kuuvuka.

Mzee Chande hakupona kile kifua. Mwanawe, mwenye duka Msamala, alimchukua akamlaza hospitali ya mjini, akapata nafuu, akazidiwa tena, na alfajiri moja akafariki. Walimtafuta Urbani. Alitaka kukataa, akaona kukataa ni kujificha. Alikwenda kwanza kwenye chumba cha maiti, akamwona mzee kwa macho yake. Kisha akapanda pikapu ya Kajetani kutangulia kijijini, kwani mwili ulikuwa unaletwa kuzikwa siku ile ile, baada ya sala ya alasiri.

Alitangaza njia nzima kwa sauti ile ya kutangaza wafu, maana nyingine hakuwa nayo. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Watu walisikiliza, wakatoa simu, wakaanza kuulizana. Mwanamke mmoja mwenye karai la mboga kichwani alimuuliza Kajetani kupitia dirishani kama hii ni ya msiba au ni ya wale watu wa kura.

Walburga alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameegemea fimbo. Gari liliposimama, Urbani alishuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesema Chande amekufa."

"Amekufa, mama. Tunazika leo."

Chande alikuwa mtu wake wa siku nyingi. Walikuja upande huu watoto, wamezeeka pamoja, walizoea kutaniana kila walipokutana kisimani, Mngoni na Myao, nani alimkimbia nani zamani. Urbani alisubiri mama yake alie, ili amshike. Walburga hakulia. Alimtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu, kwa upendo, hilo Urbani hakuwa na shaka nalo, kama mtu anayetazama mbegu aliyoipanda miaka yote na mwaka huu haijui tena. Kisha akageukia ndani.

"Beata," aliita. "Nenda mpaka kwa Chande. Waulize kama ni kweli, uje uniambie."

Beata akatoka, akampita kaka yake bila kumtazama, akaenda. Urbani akakaa kwenye gogo kando ya mlango, mama yake akasimama na fimbo yake, wakamsubiri.